Ploti Iliyolishwa Jumapili

Mtungi wa gesi ulikuwa umefungwa mkanda. Mimi sikuwa na mkanda.

"Wa siti yako ulikatika," dereva wa kituo cha utafiti aliniambia, akikwepa shimo ambalo kwa maoni yangu hakulikwepa. "Halafu huo mtungi ukianguka tunakufa wote. Wewe ukianguka unakufa peke yako."

Lami tulikuwa tumeiacha nusu saa nyuma. Nilikuwa nimesafiri kwa ndege mbili na treni moja ili nimwone mwanamke aliyeandika kwamba udongo usiopewa chochote nao hutoa gesi joto kwa wingi. Ripoti yake niliisoma uwanja wa ndege, ikiwa tayari imetafsiriwa katika lugha ya watu wasiowahi kushika jembe, nikaona huyu ni wa kufuatwa. Dereva akaniuliza nimekuja kwa nani.

"Kwa Dakta wa udongo."

Akapunguza mwendo. "Wamekwambia amefiwa?"

"Hawakuniambia."

"Baba yake, Mzee Toroli. Wiki ya nne hii." Akabadilisha gia. "Sasa ukifika, pole kwanza, maswali baadaye. Na usimsemeshe akiwa na saa mkononi. Atakutafuna."

Nilimkuta akiwa na saa mkononi.

Kituo chenyewe kilikuwa majengo matatu ya kijivu, tangi la maji, banda la zana la mabati, na nyuma yake shamba lililokatwa vipande kumi na viwili vilivyonyooka kama mistari ya daftari. Kila kipande wanakiita ploti, na kila ploti ina kibao. Dakta alikuwa amepiga magoti pembeni ya ploti moja, mbele ya sanduku jeupe la plastiki lililofunikwa juu ya udongo, na bomba la sindano mkononi. Aliposikia hatua zangu aliinua kidole kimoja bila kugeuka.

"Simama kule upepo unakokwenda. Pumzi yako isinifikie."

Nikasimama kule. Kila baada ya dakika kumi alichoma sindano kwenye kizibo cha mpira juu ya sanduku, akavuta hewa taratibu, akaisukuma ndani ya kichupa kidogo, akaandika. Mara nne: mwanzo, dakika ya kumi, ya ishirini, ya thelathini. Baada ya ya mwisho akafunua sanduku, akainuka na kupangusa magoti. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mrefu, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kamba za rangi mbili.

"Pole sana na msiba," nikasema.

"Nimeshapoa." Akatia vichupa mfukoni. Halafu akaniangalia vizuri. "Hapana. Watu husema hivyo tu. Umekuja kwa ajili ya ripoti?"

"Ndiyo."

"Umechelewa. Ile ripoti si kweli."

*

Tulikaa maabara, kwenye meza ndefu yenye alama za vikombe vya chai. Alinieleza kazi yake kama mtu anayemweleza jirani.

Nitrojeni ndiyo inayolipa jani ukijani wake. Imejaa hewani, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hewani. Mpaka ipitie kwa vijidudu vya udongoni, au ije na mbolea. Vijidudu hivyo hula, hugeuza, hutupa, na baadhi ya vinavyotupwa hupanda juu kama gesi. Ni gesi ileile ambayo madaktari wa meno humvutisha mgonjwa asisikie maumivu. Ikifika angani, kilo yake moja hushika joto kushinda kilo mia mbili za hewa ukaa. Kwa hiyo anayetaka kujua mbolea ya wakulima inaongeza kiasi gani cha gesi hiyo lazima awe na kipande kimoja asichokipa kitu. Si punje, si majivu, si maji ya kuoshea vyombo. Kipande hicho ndicho vingine vyote hupimwa nacho.

Hapa kilikuwa ploti namba saba. Wafanyakazi waliiita Ploti ya Njaa.

"Mimi nimezaliwa pale," akasema, akionyesha dirishani safu ya nyumba ndogo nyuma ya tangi. "Baba aliajiriwa hapa akiwa na miaka kumi na tisa, kusukuma toroli. Alisukuma toroli miaka arobaini na moja. Watu wanadhani nilimtafutia baba kazi. Ni yeye aliyenitangulia kazini."

Alipokuwa mdogo alipanda juu ya magunia, baba yake akimsukuma kutoka stoo hadi shambani, naye kazi yake ikawa kuhesabu safari. Kuhesabu alijifunzia hapo. Baadaye alikwenda shule za mbali, kisha nchi za mbali, akarudi na cheti kirefu na mashine ya kusomea gesi. Baba yake akaanza kumtania mbele za watu.

"Bosi, hili toroli niliweke wapi?"

"Baba, acha hizo."

"Kazini hakuna baba. Nyumbani ndiko nitakuagiza maji ya kuoga."

Nyumbani alimwita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao.

Alipostaafu, watoto wake walimjengea nyumba kwao alikotoka. Alikaa siku nne akarudi. Alisema kule kimya kinampigia kelele. Mkuu wa kituo akamruhusu akae chumba cha nyuma ya banda la zana, na yeye akaleta kuku saba. Hakuwa tena na kazi hapo, lakini kila asubuhi alipita ploti zote kumi na mbili, mikono nyuma, kama mwenye mali.

Mwaka wa kwanza wa utafiti, mahindi ya ploti saba yalifika magotini yakasimama, ya manjano kama yameungua. Ndivyo ilivyotakiwa. Tatizo lilikuwa kibao. Kila kibao kiliandikwa namba ya ploti na jina kamili la mtafiti, na jina kamili la mtafiti linaishia na jina la baba yake. Siku moja wakaletwa wakulima kutembezwa. Mmoja wao akasimama mbele ya kibao cha ploti saba, akasoma kwa sauti, akaangua kicheko.

"Huyu ndiye dakta? Bibi yangu haoni macho yote mawili na analima kumshinda!"

Kundi zima likacheka. Dakta naye akacheka, akawaeleza kwa nini ploti ile haipewi kitu. Wakaelewa, wakasonga mbele. Baba yake alikuwa amesimama kando na reki. Yeye hakucheka.

"Nilimwona," Dakta akaniambia. "Nikafikiri hajaelewa utani."

Msimu uliofuata ploti saba ikabadilika. Si sana. Majani yakapata ukijani, mahindi yakafika kifuani. Na sanduku jeupe likaanza kuonyesha gesi nyingi, karibu sawa na ploti zilizopewa mbolea ya gunia. Angeweza kushangaa. Yeye akaeleza. Aliandika kurasa sita kueleza jinsi udongo wa eneo hili ulivyo na akiba ya kale, unavyojilisha wenyewe na kutoa gesi bila kusaidiwa na mtu. Kurasa hizo ndizo zilizomletea jina. Wataalamu wa kilimo wakazisoma wakahitimisha kwamba kama udongo mtupu nao unatoa gesi kiasi hicho, basi mbolea haina lawama kubwa. Lile onyo la kutozidisha likaondolewa kwenye vipeperushi vya wakulima.

"Sasa wanamwaga mara mbili," alisema. "Kwa sababu yangu."

*

Siku ya tatu baada ya mazishi, wiki kadhaa kabla sijafika, watu walikuwa bado wamekaa uani, kwenye viti vya plastiki vya kuazima, mchana. Shangazi yake, dada mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiwachangamsha. Kila familia ina mtu wa namna hiyo, anayejua kwamba wafiwa wakiachwa walie tu watazimia.

"Huyu kaka yangu alikuwa mwizi," shangazi akasema. "Hamjui?"

"Wewe shangazi, usimsingizie maiti!" mmoja wa waombolezaji akadakia.

"Mwizi wa kinyumenyume! Wenzake wanaiba mbolea stoo, yeye anapeleka. Huyu hapa," akamwonyesha Dakta kwa kidevu, "Jumapili amelala, amechoka na vichupa vyake. Baba mtu huyo na ndoo. Kinyesi cha kuku kimelowekwa tangu Ijumaa, kinanuka mpaka paka wanahama. Anakwenda kumlishia mwanawe ile ploti iliyodumaa. Nikamwambia, kaka, si mmekatazwa? Ile ploti haiwekwi kitu! Akaniambia, 'Waliokatazwa ni wafanyakazi. Mimi nimestaafu.'"

Uani pote watu walicheka mpaka wakajifuta macho.

"Nikamwuliza, sasa mbona unamficha mwenyewe? Akasema, 'Akijua atanishukuru. Sitaki kushukuriwa.'"

Dakta alinisimulia haya akitazama mikono yake. "Na mimi nilicheka," alisema. "Nilicheka pamoja nao. Ilikuwa hadithi nzuri ya baba. Ilichukua, sijui, pumzi tatu au nne, ndipo nikasikia nilichosikia."

Aliinuka, akasema anakwenda kuangalia maji jikoni. Alikwenda nyuma ya banda la zana. Ndoo ilikuwa pale, imefunikwa kwa kipande cha bati na jiwe juu yake. Ndani mlikuwa na mti wa kukorogea, na chini tope kavu lenye nyufa.

Miaka mitano na nusu. Kila Jumapili.

Alinitandazia grafu mezani, karatasi ndefu iliyounganishwa kwa gundi, ikaning'inia ncha zote mbili. Alipima gesi mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, na mstari wa ploti saba ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno. Jumatatu juu, Alhamisi chini. Aliwahi kuandika kwamba huenda ni unyevu.

"Hapa," akaweka kidole, "mwaka wa tatu, wiki tano, mstari umelala kabisa. Niliandika ukame. Mvua ilikuwa inanyesha ploti zote, lakini niliandika ukame. Baba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri, daktari amemkataza kubeba kitu. Na hapa," akafungua daftari la mwaka wa nne, "nilipata unyoya kwenye sampuli ya udongo. Soma."

Nilisoma mwandiko wake safi: *Unyoya mmoja. Umeletwa na upepo.*

"Kuku wake wanaishi hatua sitini kutoka pale," akasema.

Nilikuwa na la kusema, lile ambalo watu husema, kwamba asingeweza kujua. Lakini alikuwa bado anaisogeza karatasi, akiivuta taratibu kuelekea mwisho wake.

Miezi minne ya mwisho, meno ya msumeno yalikuwa yanapungua. Kila Jumatatu ilikuwa fupi kidogo kuliko Jumatatu iliyotangulia. Si kwa ghafla. Kwa mteremko mzuri, wa kupendeza macho, mpaka jino la mwisho ambalo usingeliona bila kuonyeshwa. Baada ya hapo mstari ukanyooka.

"Nilifurahi," alisema. "Nikajua akiba ya udongo inakwisha. Nikaanza kuandika makala mpya. Nimeandika kurasa tisa." Akakaa. "Alikuwa hawezi tena kubeba ndoo nzima. Ndoo ikawa nusu. Ikawa robo. Mwishoni nadhani alikuwa anapeleka kwa kikombe. Aliniambia amechoka kidogo, ni uzee, nikamwambia apumzike. Nilikuwa nampima baba yangu mara mbili kwa wiki, na sikujua kwamba anaumwa."

Dirishani kuku walikuwa wakiparua chini ya tangi. Hakulia. Alikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akahakikisha ncha zimelingana.

*

Ijumaa mkuu wa kituo alikuja maabara, mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi na sauti ya mtu ambaye amelala vibaya. Alinisalimia, akaniuliza kama chumba cha wageni kina maji, halafu akasahau kwamba nipo.

Jopo la kupitia tafiti lilikuwa limemwita Dakta Jumatatu mjini. Fomu ya kuondoa ripoti ilikuwa mezani, imejazwa karibu yote. Sehemu moja tu ilikuwa tupu: *Sababu ya hitilafu.*

"Andika, 'uchafuzi wa chanzo kisichojulikana,'" mkuu akasema. "Maneno manne. Ripoti inaondoka, wakulima wanaambiwa ukweli, na mradi wetu tunaweza kuutetea. Na mzee anapumzika kwa amani."

"Chanzo kinajulikana, mkuu. Mimi namwita baba."

"Dada yangu, nisikilize. Miaka arobaini na moja mzee yule hakupata hata barua moja ya onyo. Hata moja! Mimi ndiye niliyesoma faili lake siku anastaafu. Unataka faili lifunguliwe sasa, amekwisha zikwa, aandikwe ndani yake kwamba aliharibu?"

Dakta aliisogeza fomu karibu yake.

"Na wewe je? Nani atakupa tena ploti, mtafiti asiyejua kinachoingia shambani kwake? Wataifunga hii kazi."

"Wataifunga."

"Basi?"

"Nikiandika sijui, atakuja mwingine atafute. Atachimba ploti saba miaka mitatu akitafuta kitu ambacho mimi nakijua." Akasukuma kikombe chake kando. "Baba alinificha akidhani ananisaidia. Nami nimfiche, nikidhani namsaidia?"

Mkuu alivua miwani, akaisugua kwa ncha ya shati. "Yule mzee alinifundisha kushika reki," alisema. "Nilikuja hapa nina digrii na sijui kushika reki." Akatoka bila kuaga.

Jumapili nilimwona Dakta kutoka chumba cha wageni. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha baba yake tangu asubuhi hadi jua likamfikia miguuni. Kuku walimzunguka wakingoja. Aliwapa mahindi yao. Kisha akaiosha ile ndoo, akaiinamisha ukutani ikauke, akarudi kukaa. Hakuenda upande wa ploti siku nzima.

*

Jumatatu alianza kupima saa tatu asubuhi, kama kawaida. Kikao kilikuwa saa nane, safari ni mwendo wa saa tatu, muda ulitosha. Lakini sanduku lilikuwa limekwisha kufunikwa juu ya ploti saba, na sampuli mbili zimekwisha kuvutwa, dereva alipokuja mbio kutoka getini.

"Dakta, wanafunga daraja! Wanalikarabati. Wamesema gari la mwisho linavuka saa nne kasoro robo, na mpaka pale ni nusu saa; baada ya hapo mpaka jioni."

Alitazama saa. Dakika ya kumi na mbili.

"Acha hiyo moja," dereva akasema. "Utafiti wenyewe si umekwisha?"

"Haujakwisha mpaka waumalize wao. Tukikosa ya dakika thelathini, mstari hauna mwisho." Akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne kuniomba kitu. "Mkono wako unatetemeka?"

"Hapana."

"Ya ishirini na ya thelathini. Vuta taratibu, hesabu mpaka tano. Uso wako uwe pembeni, usipumue juu ya sanduku. Kichupa, namba, saa. Kwenye maelezo andika ulichokiona tu. Usieleze."

Akanivalisha saa yake shingoni. Akachukua begi, na ile bahasha ya kahawia yenye fomu, akapiga hatua tatu akarudi. Akaitoa fomu, akaiweka juu ya paja, akajaza ile sehemu tupu akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Akanipa nisome, pengine kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumpa.

*Ploti saba ilipewa kinyesi cha kuku kila Jumapili, kwa miaka mitano na nusu, na mtumishi mstaafu ambaye ni baba yangu. Mahindi yalikuwa ya manjano, na kibao kilikuwa na jina langu.*

"Hayo ndiyo majibu ya 'sababu'?" nikauliza.

"Sina nyingine."

Mahindi ya msimu huu yalikuwa yamefika magotini. Yalikuwa yameanza kugeuka manjano kuanzia majani ya chini, jinsi yalivyotakiwa yawe tangu mwanzo. Aliyainamia. Nikaona mabega yake yanacheza, na palepale akajiondoa, akarudi nyuma haraka, hatua mbili, tatu, mpaka akatoka kwenye ploti na kusimama njiani. Huko ndiko alikolia, amejifunika uso kwa bahasha.

"Dakta," dereva akasema kwa upole, "ungekaa tu pale, hakuna anayekuona."

"Machozi nayo yana nitrojeni," akasema.

Dereva alinitazama ajue kama ni utani. Alimshika bosi wake kiwiko, akamwongoza hadi kwenye gari, akamfungulia mlango. Siti yenye mkanda ilikuwa na mtungi mtupu unaorudishwa mjini. Akaufungua mkanda, akausukuma mtungi nyuma, akamfunga Dakta.

Gari liliondoka. Vumbi lilikuja upande wangu, nikageuza uso.

Dakika ya ishirini nilivuta sampuli ya tatu. Dakika kumi zilizobaki nilisimama upande upepo unakokwenda, ingawa hakukuwa na mtu wa kunisahihisha. Kuku wawili walikuja mpaka ukingoni mwa shamba, wakasimama, wakarudi. Dakika ya thelathini nilichoma sindano kwenye mpira, nikahesabu mpaka tano, nikajaza kichupa. Nikaandika namba, saa, tarehe. Kwenye maelezo nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Niliandika: *Hakuna kilichowekwa.*